Makinda Wote Wametoka wa Majivu

Mpendwa mshauri, wewe Mzee Kata-Maneno kama tunavyokuita hapa Ruiru, naomba msaada haraka kwa sababu dada yangu Ndinda amezaa mtoto mweupe, mweupe kabisa na nywele kama nyuzi za mkonge, na sisi wote ni weusi, na bwana yake Muthoka amemtoa ndani ya nyumba, anasema ni mtoto wa yule mzungu ninayemfanyia kazi, kwa vile mwaka jana Ndinda alikuwa akifua nguo pale.

Mimi kazi yangu ni kulisha ndege wa memsaab, mke wa mzungu huyo, wale finchi wadogo wa mdomo mwekundu, na hakuna mtu alinifundisha, lakini kwa kuangalia tu naweza kukuambia makinda watakuwa rangi gani hata mayai hayajapasuka! Ukiweka mweupe pamoja na wa majivu, watoto wote wanatoka majivu, lakini ule weupe haujaenda popote, umejificha ndani, na ukichukua wawili kama hao, wote majivu, kati ya makinda wanne mmoja anatoka mweupe, basi nikaona hii ndiyo jibu, weupe ulijificha kwa Ndinda na kwa Muthoka pia, hakuna mzungu hapo!

Nikapeleka jozi yangu ya ndege kama hao kwa Muthoka kule Murera, nikamwambia mbele ya mama yake, "Shemeji, hawa wote ni majivu, lakini kwa watoto wanne utaona mweupe. Ukimwona, utamrudisha Ndinda ndani ya nyumba?" Akasema, "Nitamrudisha." Mayai yakawa manne, mshauri, na makinda wote wanne wakaota manyoya ya majivu! Muthoka akacheka mpaka akashika ukuta. "Bwana Ndege, hata hawa wadogo wamekataa uongo wako." Mama yake akasema, "Mimi silei zeruzeru." Sasa Ndinda analala jikoni, anakula kama chakula kimebaki, mchana anatumwa shambani na mtoto mgongoni, na ngozi ya mtoto imeungua mpaka inatoa maji, macho hafungui. Ndinda akaniuliza, "Kaleli, hata wewe umeanza kuniona mwongo?"

Sasa ile jozi kule kwa Muthoka imeangua tena, makinda hawajaota manyoya, na hapa kwa memsaab iko kinda mweupe, wazazi wake wote weupe, wa saizi ile ile, Jumapili naweza kumtia mfukoni nikamweke katika kiota chao, hakuna mtu atajua. Nimweke? Ni uongo, lakini ni uongo wa kuonyesha kweli!

Kaleli, Ruiru

Kaleli,

Kijana wangu, macho yako ni makali, na kuhusu dada yako nakuamini. Nimeona watoto kama huyo kwa watu ambao hata kusalimiana na mzungu hawajawahi. Lakini hesabu uliisoma vibaya. Kila yai linaanza upya. Jirani yangu amezaa wasichana watano mfululizo, na hakuna mtu amesema wavulana wameisha duniani.

Sasa nikukemee. Nani alikutuma uwafanye ndege mahakimu wa dada yako? Ukiweka kinda wa wizi na wakigundua, si wewe utaitwa mwongo, ni Ndinda. Na tuseme wamedanganyika: anarudi nyumba ile ile, kwa mama yule yule. Akizaa wa pili akawa mweusi, huyu wa kwanza watamtendaje? Muthoka hakosi ushahidi, amekosa haya.

Muda huu wote umengoja mayai na mtoto anaungua!

Usingoje Jumapili. Memsaab akuandikie barua ya ruhusa ya kupita njiani leo, maana siku hizi askari hawasikii maneno matupu. Chukua shangazi yako, yule mkali, kila ukoo una mmoja, mwende mkamtoe Ndinda na mtoto. Mfunikeni mtoto shuka mwili mzima, kichwa pia. Hospitali ya Thika kwanza, nyumbani baadaye. Akae kivulini hata kukiwa na mawingu. Ndege waache huko. Muthoka akimtaka mke wake, aje kwenu na wazee aseme mbele yao kwamba mtoto ni wake.

Barua yako imekawia njiani, nami sijui kama macho yale yamefunguka. Nanyi wasomaji wangu, mtoto kama huyo akilia leo nyuma ya ukuta wa jirani yenu, mtafanya nini?