Zuhura, Mtunza Majina ya Watu

Zuhura mwanangu, kifungua mimba wangu,

Uliponipigia wiki iliyopita kwenye simu ya dukani kwa Mangi, uliniomba radhi ubaki huko Uingereza, usirudi mwaka huu kama tulivyopanga. Nikakwambia jibu nitakuandikia, maana pale dukani watu walikuwa wamesimama na soda zao, masikio yote kwangu. Basi hii ndiyo barua yenyewe. Lakini mie unanijua, sijawahi kujibu swali kabla sijalizunguka. Nivumilie.

Unakumbuka nilivyoanza kukodisha vyombo vya shughuli? Ndiyo kwanza biashara zimeruhusiwa, Temeke nzima kila mlango una kitu unauza. Huyu mitumba, yule mafuta ya taa kwa kibaba. Mie nikasema, watu wataoana, watafiwa, watasoma maulidi. Watakula kwenye nini? Nikaanza na sahani za bati na masufuria makubwa, turubai likaja baadaye. Leo kuanzia hapa mpaka Chamazi hakuna wa kushindana na mie, na anayebisha aje na sufuria lake tupime.

Ila sahani zikienda msibani zilikuwa zinarudi pungufu, au zinarudi za watu wengine. Ndiyo maana kila mwenye vyombo anapiga alama chini, kwa rangi ya mafuta. Kazi hiyo nilikupa wewe. Ukitoka shule unakaa barazani, unapindua sahani, unaandika MAMA Z, unaanika juani. Mwalimu wako alisema una mwandiko mzuri. Kama mie sikuwa najua!

Halafu ikaja ile harusi ya Tandale. Mama Zaituni naye anakodisha vyombo, naye kaandika MAMA Z, rangi nyekundu kama yetu. Sufuria moja, yeye kashika mkono huu, mie nimeshika ule.

"Achia! Hili nimelinunua kwa jasho langu!" nikamwambia.

"Jasho lipi, mwizi wa mchana we!"

Wapishi wametuzunguka, mchele umekwisha kuoshwa, hakuna wa kuupika. Ukaja wewe na sare ya shule, ukasema mbele ya watu wote, "Mama, yeye alianza kuandika kabla yetu. Jina hilo lake. Sie tutafute lingine, tuliandike kirefu."

Nilitamani nikufinye! Kesho yake ukapindua vyombo vyote, kila kimoja ukakiandika MAMA ZUHURA TEMEKE. Tangu hapo ugomvi ukaisha, na Mama Zaituni akawa anaazima kwangu nami naazima kwake. Lile sufuria alikwenda nalo yeye. Mpaka leo naamini lilikuwa langu.

Kwa hiyo ulipoacha ule uhasibu uliokwenda kuusomea, ukaniandikia kwamba sasa unaandikisha watu majina ya tovuti, na tovuti zenyewe unazitunza kwenye kompyuta yako, mie sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliyehangaika ni baba yako mdogo, Kassim.

"Shemeji, yaani mtu analipia jina? Jina si tunapewa bure siku ya saba?"

"La mtoto ndiyo bure. La duka ukichelewa mwenzio kalichukua."

"Haya, na hizo tovuti zinakaa wapi?"

"Kwa Zuhura. Kama vyombo vya Bi Mwanaidi vinavyokaa stoo kwangu. Mali yake, ufunguo ninao mie, na mtu akivitaka lazima avikute."

"Lakini hiyo ni kazi, shemeji, au ni mchezo?" Ndivyo alivyoniuliza, kwa upole tu, maana anakupenda. Nafasi ya ofisini kule bandarini amekutafutia yeye, na bado anaishikilia akidhani unakuja.

Ukaniambia niende mjini, kwenye duka la intaneti, nikaone kazi yako. Juzi nikaenda na shoga yangu Bi Mwanaidi, nimetoa doti mpya sandukuni, nimefunga na sambusa za kumpa dada wa kompyuta. Pale ndani baridi kama uko kwenye friji. Dada akaandika lile jina ulilonitumia, tukakaa tunangoja. Ukurasa ukawa unashuka kidogo kidogo kutoka juu.

"Mbona inafunguka kama duka la ushirika?" Bi Mwanaidi akasema.

"Tulia wewe. Inatoka Ulaya hiyo, unadhani inatoka Buguruni?"

Ikaja rangi ya bluu, zikaja picha za sahani, vikombe, birika. Zuhura! Si duka la Mzee Murtaza wa Kariakoo, ninaponunua sahani zangu miaka yote? Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina lako na la marehemu baba yako. Dada akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia ni hicho kiyoyozi chenu.

Kutoka pale miguu ilinipeleka Kariakoo yenyewe. Mzee Murtaza alikuwa anafunga birika kwenye gazeti.

"Zuhura binti yako? Miaka yote hii unanunua hapa, hukusema!"

"Mie? Nikose kusema?" Bi Mwanaidi akacheka mpaka akashika kaunta.

Mzee akaniambia kuna mtu wa Muscat ameona zile picha, ameagiza birika. Kisha akaacha kufunga, akanitazama. "Mwambie binti, ile kitu isizimike. Ikizimika, watu watasema Murtaza amefunga duka." Alisema kama mtu anayeomba, Zuhura. Mzee yule, ambaye mie huwa namwomba yeye anipunguzie bei.

Nilirudi nyumbani nikitembea juu juu. Nafika tu, mgao. Mtaa mzima umeme hakuna, na simu ya Mangi nayo siku hiyo ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Nikawasha chemli, nikakaa. Siku ile dukani nilitaka kukwambia urudi na hiyo kompyuta yako, jenereta nitanunua mie. Na ningenunua! Lakini jenereta linakula mafuta, na waya wa simu siwezi kuuwasha kwa mafuta. Nikamfikiria Mzee Murtaza, na hao wengine ulionitajia: yule wa hoteli Msasani, yule mwenye mashine za kushona. Wote umewashikia mlango uko wazi. Ukija hapa kwangu, unawafungia.

Sasa nikwambie la moyoni. Chumba chako nimekipaka rangi. Kitanda nimeweka, chandarua nimetundika. Nimekwisha kukutangaza kila shughuli ninayopeleka vyombo, mpaka watu nisiowajua wananiuliza unatua lini. Kassim ananiambia, "Shemeji, ukimpa radhi huyu harudi tena, atakuja kuzika tu." Sina wa kumficha, naogopa. Wanawake wa rika langu wana wajukuu wa kuwatuma maji. Mie nina picha zako ukutani, kwenye theluji, umevaa koti kubwa kuliko wewe.

Lakini ungetaka kuniasi ungebaki tu, na mie ningefanya nini? Wewe umeniuliza kwanza. Mtu mzima, mwenye kazi yake, umesimama kwenye simu ya ghali unamngoja mama yako aseme neno.

Basi radhi nimekupa, Zuhura. Nimeitamka kwa mdomo, nimetawadha, kabla ya kushika kalamu. Baki, fanya kazi yako, majina ya watu yatunze. Usile vya baridi kila siku. Akija mtu wa kukuoa, aniandikie mie kwanza, si Kassim.

Jumamosi Kassim anaoza binti yake, na ukoo wote utakuwepo. Wataniuliza. Nitasimama katikati yao, nimevaa nimependeza, niwaambie, "Haji mwaka huu. Alitaka kuja, mie ndiye niliyemkataza."

Na wasiponiamini, shauri yao.

Uamke salama na ulale salama huko uliko,

Mie mama yako mzazi.