Sindano ya Kabureta na Jua la Sori

Baba Robi wangu,

Nakuandikia Kiswahili, kama tulivyozoea. Wewe Mkuria wa Isebania, mimi Mjaluo wa Sori, na hii ndiyo lugha tuliyochumbiana nayo, kila mtu akiivunja upande wake. Nimekuja kwetu kumsalimu kaka. Nimekaa uani, ziwa limetulia, na mawazo yamenichukua hadi mwaka ule baada ya Uhuru, ulipokuja kuniposa.

Ulikuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini Homa Bay, na ile pikipiki kuukuu ndiyo ilikuwa fahari yako yote. Ulitaka ifike kwetu kwa kishindo. Ukaketi jioni baada ya jioni na tupa mkononi, ukiupanua mdomo wa kabureta ili injini ivute hewa nyingi, na chujio la hewa ukalitupa kabisa. Hewa uliongeza, mafuta ukayasahau. Ilianza kukohoa njiani, Ndhiwa. Wewe, mbishi wangu, ukaamua kwamba imelewa petroli, ukaishusha sindano ya kabureta, ukaipunguzia hata kile kidogo ilichokuwa nacho. Ikazimika langoni kwa baba.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, ingawa baba hakuwa na hamu ya mkwe Mkuria. Jua lilipoanza kushuka ukaipiga kiki mpaka shati likalowa. Inawaka, inapiga chafya, inakufa. Ndipo ukasema, kwa moyo mweupe kabisa, "Wazee, msijali. Nitalala tu hapa, kesho nitengeneze."

Kwetu mwanamume halali usiku kwa wakwe. Akilala, uchumba umekufa, wala hakuna kikao cha kuufufua. Hukujua, na nani angekuambia? Baba alitazama ziwa. Nilimjua: alikuwa amepata sababu yake ya kukukataa. Nikakufuata hadi kwenye pikipiki nikakunong'oneza, nawe ukaipiga kiki tena.

Mama alikuwa jikoni, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Muda wote alikuwa akiisikiliza ile injini. Akaniita, akasema kwa sauti ili nawe usikie: "Mwambie mgeni hiyo kitu yake inalia njaa. Haijashiba."

Ulicheka. Katika shida ile yote, mpenzi, ulicheka. Ukafungua plagi, ukaikuta nyeupe kama chaki, nawe ulitarajia masizi. Hewa tele, petroli haba. Ukaichomoa sindano, nyembamba kama mwiba wa samaki, ukaniwekea kiganjani huku ukikitafuta kibanio chake kilichoanguka mchangani. Vidole vyako vilinuka petroli. Nilitaka iwake upesi, na Mungu anisamehe, nilitaka pia isiwake kamwe, tubaki tumeinama hivyo hivyo, vichwa vikikaribia kugusana.

Ukakishusha kibanio ngazi moja ili sindano ikae juu na petroli ipite zaidi. Ukairudisha, ukapiga kiki, ukavuta mafuta, ikasitasita. Ukakishusha ngazi nyingine. Safari hii ikanguruma bila kukatika, na kutoka jikoni mama akapiga kigelegele kifupi.

Nusu ya jua ilikuwa majini ulipotoka langoni. Niliifuata sauti yako masikioni hadi ikayeyuka. Baba akasema, "Huyu arudi." Nililia usiku ule kwa furaha, nikiwa sijanawa mkono ule ulioshika sindano.

Ulirudi mara nyingi, na miaka yetu yote hukulala hapa hata usiku mmoja. Kila jua likigusa maji ulinitazama, nami nikakuambia, haya, nenda. Leo pikipiki zinapita barabarani na mimi bado nategea sikio. Nimekukosa sana, mzee wangu. Nimekukosa mpaka naona kama harufu ya petroli inatoka ziwani.

Siku ya mwisho, wodini Homa Bay, ulifumbua macho ukaniuliza, "Mama Robi, jua limezama?"

Nje giza lilikuwa limeshaingia. Nikakujibu, "Bado. Kaa kidogo."

Sasa naamka nimsaidie wifi kufungia kuku. Lala, Baba Robi. Huko Isebania uliko ni kwako, hakuna desturi ya kukuondoa.

Mkeo, niliyekushikia sindano,
Mama Robi