Kulabu ya Kuchomelea

Mama Mwende,

Chai iko kwenye thamosi. Usimngoje Amino na maziwa ya ngamia. Asubuhi gari lililombeba lilizama matopeni, na huku halipitwi gari lililokwama. Nikalivuta kwa gari letu. Kulabu yetu ya kuchomelea iling'oka pamoja na bampa, ikamvunja mkono. Wewe ulitaka tununue ya kampuni, inayofungwa kwa boliti kwenye chesisi, mimi nikakucheka.

Narudi hospitali kwake. Nifuate na uji, usitie chumvi.

~~Mwambie Amino kwamba fundi alichomelea vibaya.~~

Usimwambie hivyo. Kabla sijavuta aliniuliza, "Baba Mwende, hii chuma yako itashika kweli?"

Nikamjibu, "Wallahi, ni ya kampuni."

Baba Mwende