Jua la Kwanza la Babu

Ilulissat, Januari 15

Dada Paninnguaq,

Bila mimi mwaka huu jua lisingetoka, na uwaambie hivyo hao walimu wako wa Denmark. Baada ya wiki sita za giza la baridi huku kwetu kaskazini nilisimama mlimani, nikalikemea mara moja tu, likachomoza. Watu wakaimba. Nilikula keki ya mama vipande vinne, na Malu, binti wa mwenye duka, alinitazama mimi badala ya jua. Simlaumu.

Najua unaruka mistari kutafuta habari za babu. Uliniachia kazi moja, kumpandisha mlimani alione jua la kwanza, maana daktari kasema mwakani macho yake hayataona tena. Juzi asubuhi nilimwambia, "Ngoja nikashike nafasi mbele, nitakuja kukuchukua kwa sleji, mbwa watakuvuta hadi juu."

"Haya, mpiga domo. Usichelewe."

Nilirudi saa tisa, jua limeshazama. Alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa koti lake jeupe la sikukuu na viatu miguuni.

"Limetoka?"

"Limetoka, babu. Kesho nitakupeleka."

"Nilisikia mkiimba." Akanishika shavu. "Una baridi sana, mjukuu wangu. Kunywa kahawa."

Tangu jana ni dhoruba, hakuna anayetoka nje. Mama nilimwambia kwamba mbwa mmoja aliumia mguu. Dada, mbwa wote ni wazima. Nilimsahau babu.

Mdogo wako,
Salik