Mkasi wa Kibiriti

Jumatano, 6 Agosti

Gauni limekwisha! Saa kumi na moja jioni nimekata uzi wa mwisho. Nimelitundika kwenye msumari wa kalenda, nikazima feni lisipeperuke, nikakaa kulitazama mpaka chai ikapoa. Satini nyeupe, mikono mirefu, zipu ndefu mgongoni. Nimelivaa mara tisa! Duka letu halina sanamu ya kupimia – sanamu ni mimi. Kibiriti, bibi harusi mwenyewe, hajalijaribu hata mara moja. Kila nikimwita anacheka, eti jipime wewe, shoga, mimi na wewe si mwili mmoja?

Kweli. Miaka kumi na moja tumeshona mgongo kwa mgongo, mashine yake dirishani, yangu mlangoni. Nguo ikinikaa mimi, yeye imemkaa. Wateja wanatuita Mapacha.

Nimemuuliza tena (najichukia ninapouliza) kama atakaa siku kumi tu kweli. Amesema ni siku kumi, mara ngapi nikuambie. Sherehe kwao bwana harusi, mapumziko kidogo, halafu anarudi dukani. Mumewe mpima ardhi atakuwa anakuja mwisho wa wiki. Basi.

Nimeacha mkasi wangu mezani kando ya wake. Ndiyo sheria yetu tangu mwaka wa kwanza: anayesafiri anaacha mkasi wake. Mkasi ukiwa mezani, mwenyewe anarudi. Alipokwenda kumzika mama yake akakaa wiki sita, mkasi wake ulibaki palepale, ule wenye kitambaa chekundu kilichozungushwa kwenye mpini. Sikuugusa ila kuufuta vumbi. Nilikuwa nikiuangalia, natulia.

Amebaki kufunga duka. Kanifukuza nikapumzike.


Alhamisi, 7 Agosti

Treni. Saa saba nzima njiani. Gauni mapajani, limefungwa ndani ya shuka. Shangazi yake bibi harusi kakaa mbele yetu, anamenya machungwa na kutoa amri. Kibiriti kalala begani kwangu. Nimesinzia nami – sijui kwa muda gani. Nimeota niko dukani, mashine yake inashona peke yake, kitambaa cheupe kinatoka upande wa pili, kinajaa sakafuni, kinafika magotini, na mimi wala sishtuki, nakikunja tu. Nikaamka, nje kuna mashamba na nguo zimeanikwa kwenye waya. Nikadhani bado naota. Nimekaa hivyo mpaka kituo kilichofuata, sitaki kufumbua macho vizuri.

Shangazi ananiambia nimekonda. Nikamwambia ni gauni hili, limenila.


Ijumaa, 8 Agosti

Wamefunga ndoa ofisini saa tano, watu wanane, sahihi tano, dakika ishirini. Kibiriti alikuwa na rinda la kawaida la buluu. Gauni ni la kesho, la ukumbini.

Shemeji ni mtu mzuri. Ndiyo, nimeandika. Mrefu, mpole, anatazama chumba kama anahesabu hatua za kutoka ukuta hadi ukuta. Kanibebea mkoba, akasema anajua mimi ndiye mke mwenza wake. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kidogo zaidi kuliko ilivyostahili.

Nyumba ya wageni ina mapazia meupe marefu mno, yanaburura sakafuni. Nimeshindwa kuvumilia, nimeyapandisha pindo kwa pini. Shangazi kasema huyu hata mbinguni atawashonea malaika. Tumelala watatu chumba kimoja alasiri yote, madirisha wazi, mapazia yanaingia na kutoka. Kibiriti alininong'oneza kitu. Nikauliza nini? Akasema hakuna, lala.

Mwili mzito kwa utamu. Laiti wiki hii isingekuwa na Jumapili.


Jumamosi, 9 Agosti

Saa moja jioni. Ngoja niandike yote.

Saa nne asubuhi tumemvisha. Limepita mabegani, limepita kifuani, likafika kiunoni – likakataa! Shangazi akashika huku, mimi huku, Kibiriti akavuta pumzi mpaka macho yakamtoka. Nikavuta zipu. Ikapanda nusu. Halafu, traa! Meno yametawanyika chini kama mchele.

Nikajitazama kwenye kioo nyuma yake. Mifupa ya shingo imenitoka. Shangazi alisema kweli – nimekonda, nimekonda tangu siku Kibiriti aliponiambia anaolewa, na kila wiki nilipolijaribu gauni likawa pana nikalibana, nikalibana tena, nikiona ni kitambaa kinachoteleza. Mwili wake yeye haujabadilika. Nimelikata kwa wasiwasi wangu. Fundi wa miaka kumi na moja! Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza – kutompima anayevaa.

Shangazi akaanza kulia kwa sauti ya juu. Nikamwambia shangazi, lia ukiwa umekaa. Ninacho kipande cha satini ileile, fundi hasafiri bila kipande. Nitaitoa zipu, nitaweka kipande vidole vinne katikati, nitamshonea gauni akiwa ndani yake. Sindano ninayo. Uzi ninao.

Mkasi sina. Mkasi uko mezani, kando ya mwenzake.

Shangazi akasema basi nakimbia jikoni kuazima. Nikasema mkasi wa kukatia samaki kwenye satini! Akasema kuna kinyozi ng'ambo ya barabara. Akawa ameshafika mlangoni. Kibiriti akasema, "Shangazi, usiende."

Akatembea na gauni lake limefunguka mgongo mzima, akapiga magoti kwenye begi lake, akafukua chini, chini kabisa, akatoa taulo. Akalifungua. Kitambaa chekundu.

Akanipa kama tunavyopeana siku zote, makali mkononi mwake, mpini kwangu. Hakunitazama. Shangazi akasema, mwanangu una akili, kumbe umebeba! Nikasema ndiyo, ana akili sana.

Nikakata. Nikashona. Kwa saa moja na nusu nimesimama nyuma yake, pumzi yangu mgongoni mwake. Mishono midogo, uzi mara mbili. Nilikuwa na hasira hadi masikio yanavuma, na mikono ikaenda polepole, vizuri, kuliko siku zote. Sijawahi kushona kitu kizuri namna ile. Alitetemeka mara moja. Nikamuuliza nimekuchoma? Akasema hapana.

Ukumbini! Watu mia mbili, taa za rangi mchana kweupe, spika kubwa kama kabati. Di-jei alipotea njia, muziki ukaanza na simu ya dada wa bwana harusi ndani ya sufuria tupu ili ivume, na watu wakacheza hivyohivyo! Shangazi alicheza amejifunga kitambaa cha meza. Shemeji anacheza vibaya, maskini, anapima sakafu. Kibiriti katikati, mweupe, anazunguka, na mgongoni kile kipande hakionekani kabisa. Nilisimama kwenye nguzo na soda yangu nikaangalia mshono tu. Kila akizunguka nasema shika, shika. Ukashika. Sauti zote zilikwenda mbali, nikawa naona nyeupe tu inazunguka, na nilifurahi – naapa nilifurahi, dakika kumi nzima nilisahau.

Dada wa bwana harusi akaja kunishukuru kwa gauni. Akasema kwa furaha kwamba chumba cha mbele nyumbani kwao wameshakipaka rangi, mashine ya kushona imefika tangu Jumatatu, wifi yake atapata wateja wengi sana mtaani hapa, wa kwanza anakuja keshokutwa saa tatu. Nikasema bila shaka. Anajua kazi.

Saa kumi na mbili ndani ya chumba, sisi wawili tu, nimemfumua. Nikamuuliza, ulitaka kuniambia lini?

Akasema kila siku saa nne, wakati wa chai. Kila siku saa nne nilianza, nawe kila siku saa nne unaniuliza kama sukari imetosha.

Nikasema ungejibu haijatosha!

Tukacheka. Halafu yeye akalia, mimi nikaendelea kufumua, uzi mmoja mmoja, makusudi, nisimalize upesi. Akasema aliogopa nitamwambia nenda. Pia aliogopa nitamwambia baki. Mlango ukagongwa, mume kaja kumchukua.

Alipoondoka nikaona mkasi bado ninao mkononi. Nimeuweka kwenye mkoba wangu.


Jumapili, 10 Agosti

Kituoni. Treni imesimama, inaondoka saa nne – saa ya chai, bila shaka! Shangazi anabaki wiki nzima. Niko peke yangu kwenye kiti cha watu wawili.

Asubuhi sikuaga. Nilitoka wanakunywa chai. Mkasi umo mkobani, na hajauulizia. Labda hajafungua begi. Labda amefungua. Nikiurudisha mezani pale kesho, kando ya wangu, nitautazama na kutulia. Nimeliwaza hilo usiku kucha mpaka nikaona duka lote: dirisha, kalenda, kiti chake, na jua la asubuhi juu ya kitambaa chekundu. Anarudi. Ningeweza kuishi hivyo miaka, nikifuta vumbi.

Lakini kesho saa tatu anakuja mteja wake wa kwanza kule chumba cha mbele, na yeye hana cha kukatia.

Dakika sita.

Yule pale! Kibiriti, kwa kandambili, nywele bado zina pini za jana. Anapita dirisha kwa dirisha, anachungulia kila behewa. Kashika chupa ya chai. Mjinga wewe, chai ya nini? Hajaniona. Naweza kuinamisha kichwa nikafunga kiatu mpaka treni iondoke.

Dirisha limekwama. Nimelisukuma kwa mikono miwili, limefunguka. Bado madirisha matatu anifikie. Mkasi nimeutoa, uko mapajani. Nimeugeuza. Makali kwangu, mpini nje.

Mawili.