Sauti Uliyokuwa Ukiikata

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotuacha, na bado tunapita mlangoni mwa chumba chako cha kurekodi kwa kunyata, kana kwamba kuna mtu anaimba ndani.

Jiji zima la Chattogram lilikuletea sauti zake uzisafishe. Iliyoshuka uliivuta juu, iliyouwahi mdundo uliirudisha nyuma, ukafuta vikohozi, kunguru na kengele za riksho za barabarani. Pumzi za waimbaji uliziacha. Bwana harusi mmoja, aliyeleta wimbo wa bibi harusi wake, alipodai uziondoe zote, ulimwuliza, "Sasa kaka, atakuwa anaimba nani, friji?" Alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Lakini ulikuwa mwoga, Baba. Kukatika kwa umeme kulikutisha kuliko ugonjwa. Ulikuwa ukimpigia Mama kelele: "Shefali, usiwashe pampu ya maji! Kazi hii ikipotea nahamia kwa mama yako!" Mama naye, "Nenda tu, atakulisha samaki mkavu mpaka ukome."

Hofu hiyo umeturithisha. Hatukuwa na sauti yako popote: simu yako ilipotea hospitalini. Video za harusi zote zimefunikwa na muziki. Na katika kila wimbo uliousafisha, ulianza kwa kukata sauti yako mwenyewe iliyokuwa ikimwelekeza mwimbaji. Ilibaki kompyuta yako, yenye wimbo wangu mimi, Tuli, ambao hukuwahi kuusafisha. Fundi alisema imechoka mno, pengine itawaka mara moja tu. Tukaogopa kuiwasha. Mama aliifunika kwa sari yake, na radi zilipopiga tulichomoa nyaya zote. Kisha tukaanza kubishana ulivyokuwa ukiniita. Hapo ndipo tulipoogopa kweli.

Juma lililopita Mama alisema, "Washa, mwanangu. Tukizidi kungoja tutamsahau." Nikaiwasha. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Ndugu yangu Prosenjit aliunakili wimbo kwanza, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nikabonyeza. Nilisikika nikikosea, nikaanza kulia. Kisha wewe, karibu kabisa na kipaza sauti: "Tulia, mama. Wewe kosea tu. Baba yupo, atanyoosha." Kumbe uliniita "mama".

Kompyuta haijawaka tena. Nakala tunayo, na watu wa studio wakiomba wausafishe wimbo, tutawakatalia.

Tunaokukumbuka: mkeo Shefali, wanao Prosenjit na Tuli, na dada yako Malati, anayeomba tumchezee tena kipande hicho cha sauti yako kila akija.

Daima utakumbukwa, Baba, pamoja na pumzi zako zote.