Aliyeandika Mistari ya Shoka

Wodi ya Wanaume, kitanda cha dirishani
4 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na sauti haijakukauka kwa ziara. Mimi nipo. Daktari ameacha kuniambia habari za kupona. Sasa ananiuliza tu kama mto unanitosha. Ndiyo maana naandika leo, wakati mkono bado unanitii.

Wimbo ule wa Shoka uliokuumbua miaka miwili iliyopita, unaosema kwamba wewe, Nondo, mwamba wa jukwaani, ulibebwa mgongoni na mama yako hadi darasa la nne kwa kumwogopa jogoo wa jirani, niliuandika mimi. Wote. Shoka alikuwa mwanafunzi wangu, na kampuni yake ilikuwa imemwambia mistari yake imepooza. Alikuja kuomba nimrekebishie maneno mawili matatu. Nikamwandikia beti tatu kwa mchana mmoja, huku nacheka peke yangu.

Sababu ni wivu, sina jina jingine la kuupa. Nilifundisha fasihi miaka thelathini na saba. Diwani yangu ilikaa kwa mchapishaji miaka kumi na mmoja, ikarudi na alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Wewe, niliyekufelisha insha, ulisimama uwanjani ukafokafoka kwamba una viatu vingi, na watu ambao hawajawahi kukariri hata ubeti mmoja wakaimba nawe neno kwa neno. Nilikaa kwenye kiti cha mbele ulichonipatia, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, moyoni naungua. Shoka alipoimba maneno yangu uwanja huohuo, niliyasikia yakirudi kutoka midomo ya maelfu. Nilijua wanakucheka wewe. Nilifurahi hivyo hivyo.

Siri ya jogoo tulikuwa nayo watatu tu. Mimi hukunidhania, kwa kuwa ni mwalimu na navaa tai. Ukamdhania mama yako, ukaacha kumpigia simu, hukukanyaga tena nyumbani kwake. Nami nikanyamaza. Dada yangu hana kosa. Nenda kwake kabla sijazikwa.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kuumwa. Sisi ni wazima, kazi tu.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Siku ya kwanza nilitaka kuja kukuchomoa dripu. Siku ya pili nilimwonyesha meneja wangu. Alianza kuisoma amesimama, akakaa, halafu akaniuliza kama mgonjwa bado anaweza kushika kalamu.

Mjomba, usimwambie mtu. Bifu hili ndilo linalotuweka mjini mimi na Shoka. Kampuni yangu na yake ziko ghorofa moja, milango inatazamana, na tumeshasaini ziara ya pamoja ya kuchukiana, miji tisa. Lakini tangu wimbo ule uliomwandikia, Shoka hajatoa kitu cha maana; juzi katika wimbo mpya ameniita mnene, basi. Meneja anaomba, nguvu zikiruhusu, umwandikie ubeti wa kunitukana vizuri, na mimi uniandikie wa kumjibu. Majina yatakayowekwa ni yetu sisi, utatuelewa.

Mpwa wako


25 Machi

Mpwa wangu,

Nashukuru kwa pole. Leo nimekunywa supu vijiko vitatu, wodi nzima ikanisifu.

Beti zote mbili zimo ndani ya bahasha hii, sikuweza kujizuia. Wa kwako umelegea kidogo. Nimejaribu kuukaza, wivu umekataa.

Umenijibu habari za meneja, ghorofa na ziara. Mama yako hukumtaja hata kwa neno moja. Umemwendea?

Mjomba wako


16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikia usingizi umekuwa wa shida. Pole sana.

Sikumwendea kwa sababu niliona haya. Kumnunia mama ni rahisi kuliko kumwomba radhi. Jumamosi nikajikaza. Nilimkuta anapiga pasi mashuka. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinipa ncha ya shuka niishike, tukakunja pamoja. Nikamsomea barua yako ya kwanza. Hakushtuka. Alijua tangu alipousikia wimbo redioni, kwa sababu, alivyosema, hakuna mtu mwingine awezaye kumtukana mwanawe kwa mpangilio mzuri namna ile.

Nikamuuliza kwa nini alikubali nimnunie miaka miwili.

"Mimi ni mama yako, ungerudi tu siku moja," akasema. "Yeye usingemrudia. Na hana mtu mwingine."

Halafu akanipa ncha ya shuka jingine. Anataka kuja kukuona.

Mpwa wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Namtamkia muuguzi naye anaandika, maana mkono umegoma.

Barua yako nimesomewa mara tatu, na mara zote tatu nimemwonea wivu dada yangu. Nilidhani mwenye maneno katika ukoo huu ni mimi. Yeye alikuwa na neno moja la kunimaliza, akalikalia miaka miwili, wala hakutafuta wa kumsikiliza.

Mwambie aje Jumamosi saa kumi. Aje peke yake. Wewe njoo Jumapili. Ukiwamo wodini, watu wote hukutazama wewe, nami nataka dada yangu anitazame mimi.

Mjomba wako